Jogoo wa Shukrani

Juzi katika ofisi ya mifugo mjini Arua nilimkuta mama mmoja wa mtaa wa Awindiri akiulizia njiwa wake. Kila asubuhi huwamwagia uani machicha ya pombe, na sasa ugonjwa wa kideri unaua kuku mtaa mzima.

"Mama, kwanza wacha kulisha njiwa," bwana mifugo alimwambia. "Wao nakula pamoja na kuku yako, nabeba ugonjwa. Chombo na viatu osha na sabuni. Kuku hata moja isitoke nyumbani."

"Njiwa itaona mimi mubaya," mama alinung'unika, lakini akakubali. Kisha akainama, akafungua kikapu, akatoa jogoo mwekundu na kumnyooshea bwana mifugo kwa mikono miwili.

"Yako, dokta. Mutu hawezi kuja mikono tupu."

Foleni nzima tuliangua kicheko. Bwana mifugo alificha mikono nyuma. Lakini kwetu huku kuku wa zawadi hakataliwi. Akamtazama jogoo, jogoo naye akamtazama.

"Rudisha yeye," alisema mwishowe. "Mimi nitakuja kula huko huko."

Basi amri imefuatwa: kuku atabaki nyumbani, atakayetembea ni bwana mifugo. Naomba tu akumbuke kuosha viatu.