Viazi vyetu vinauzwa mara mbili, na aliyetengeneza dawa walimcheka

Sasa wakuu. Mimi ni mzee, shule niliachia chini, kwa hivyo mnisomee hivyo hivyo. Haya niliyaona na macho yangu.

Zamani nikiwa mdogo, mama aliuza kondoo dume hapa nyumbani. Saa hiyo hiyo baba yuko soko ya Subukia anauza huyo huyo.

Jioni wakaja wanaume wawili, kila mmoja na kamba yake. Kidogo wapigane. Kondoo mwenyewe anakula nyasi tu. (Alikuwa na tabia mbaya huyo, hata pastor aliwahi gongwa.)

Siku hizi huku Kabazi tuko na kikundi ya viazi, na app. Unaandika magunia yako, mnunuzi wa Nakuru anachukua kwa simu.

Shida ni ile ya kondoo. Gunia moja, wanunuzi wawili, lori mbili kwa gate zinapigiana honi.

Mwangi, mtoto wa marehemu ndugu yangu, ni programmer, amepanga nyumba Free Area, huko Nakuru. Akaniambia, "Baba mdogo, hiyo app iliandikwa na watu watatu. Wa simu, wa server, na wa kuunganisha. Hawaongei."

Yeye akaandika program moja tu. Mashine yenyewe inajua nini iende kwa simu, nini ibaki kwa server.

Akasema kikundi ikikubali, anarudi Kabazi kujenga nyumba. Nikaanza kumfyekea mahali.

Siku ya mkutano akapea Mama Shiru wa kikundi simu moja, chairman wetu ingine. Mama Shiru akafinya kununua gunia. Kwa chairman gunia likapotea hapo hapo.

"Chairman, umebaki na maganda!" Mama Shiru akamwambia. Watu wakacheka vizuri.

Chairman akataka kuona code. Mwangi akafungua laptop. Code ilikuwa fupi, ikaisha haraka.

"Hii tu? Ya wale wengine tulionyeshwa mpaka macho ikauma."

"Mzee, kupunguza ndiyo kazi yenyewe."

"Wacha, boss. Rahisi hivi hata mtoi wangu anaandika. Enda uongeze, ikae kama kazi."

Watu wakampigia chairman makofi. Mimi nikasimama kumtetea, nikaambiwa natetea damu yangu.

Nyinyi ma-developer, nilichojifunza ni hiki: huku mtu anaheshimu jasho ile anaona. Kama nimekosea mniambie hapo chini, lakini polepole, niko na pressure.

Mwangi alifunga laptop, akachukua simu zake kwa Mama Shiru na chairman, akasema asante, akatoka.

Nilidhani ameenda choo. Chai yake ikapoa.

Hajakanyaga Kabazi tena.