Aina Nne za Watu, na Elinipa

Nikipita sokoni nikakutana na harufu ya mtindi wa kibuyu, ule wenye moshi kwa mbali, huwa nacheka peke yangu mpaka wauzaji wananitazama. Ngoja niwaambie kwa nini.

Nilikuwa darasa la tano, tunakaa Ngarenaro, mjini, miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imemwagika kila kona na kila kitu kipya kinaonekana cha maana. Dada yangu Rukia akarudi likizo kutoka sekondari ya bweni na suruali ya jinzi iliyomkasirisha baba, na elimu iliyoninyima mimi usingizi. Binadamu wote, alisema, wako aina nne tu. Sangwini ni mchangamfu, maneno hayamwishi. Koleriki anataka kutawala. Melankoli, machozi yako karibu. Flegmatiki ni wa baridi: nyumba ikiwaka moto, atatafuta viatu kwanza.

Jamani, nilipagawa kwa furaha! Nikaupanga mtaa mzima. Baba, Koleriki, hilo halikuhitaji mjadala. Muuza mkaa, Melankoli. Mimi Sangwini, tena wa kupindukia. Mama akasema hilo angetuambia yeye, bila Rukia kulipiwa ada.

Kisha nikamfikia Elinipa, niliyekaa naye dawati moja. Alikuwa Mmeru, wanakaa juu huko, ukishaipita Sekei njia inapoanza kupanda mlima. Mimi nasema maneno mia, yeye anatabasamu. Nikimuuliza kama kweli ni rafiki yangu, anajibu "Ndiyo," basi. Rukia akatoa hukumu: huyo Flegmatiki, hana rafiki wa moyoni, muhula ujao tafuta Sangwini mwenzio ukae naye. Iliniuma, maana nilimpenda sana yule mtoto. Lakini nani angebishana na sekondari?

Kabla shule hazijafunguliwa, kaka yake Elinipa akapata kipaimara, nikaalikwa kwenye sherehe. Nilikwenda nikiwa nimeshaamua kwamba hiyo ndiyo siku ya mwisho ya urafiki wetu. Rukia akanisindikiza.

Hata nyumba hatujaiona, tukasikia sauti inaamrisha, watu wanaangua kicheko, kisha inaamrisha tena. Tukatokeza kwenye migomba. Alikuwa Elinipa! Amesimama juu ya kreti ya soda, anaigiza mjomba wake anavyotembea na viatu vipya vinavyombana, Kimeru kinamtoka kama mvua kwenye bati. Mashangazi wazima wameshika mbavu. Alipomaliza akawatuma binamu zake wakubwa kuchota maji, nao wakaenda mbio.

Na mimi je? Nikaketishwa jikoni katikati ya bibi na mashangazi, nikapewa bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na mtindi wa kibuyu. Baada ya shikamoo nikawa nimeishiwa. Wanaongea Kimeru, wanacheka, siambulii hata neno. Nikabaki natabasamu, na kila nilipoulizwa kitu nikajibu, "Ndiyo." Rukia akanitazama, nami nikamtazama, hakuna aliyetaja aina za watu.

Mama yake Elinipa akaniinamia, akasema kwa Kiswahili, "Kumbe ndiyo wewe Zuhura? Hapa tumekusikia mpaka tumechoka. Huyu mtoto kamganda baba yake wiki nzima: mbuzi achinjwe na Mzee Shabani wa pale chini, Zuhura ni Mwislamu, lazima ale."

Nilikula ile nyama kwa furaha mpaka nikalamba vidole. Elinipa akaja, akakaa kando yangu, akanyamaza kama kawaida yake. Shule zilipofunguliwa nilikwenda moja kwa moja kwenye dawati letu la zamani, nikamng'ang'ania anifundishe Kimeru.

Siku ile nilielewa tu kwamba napendwa, na kwa mtoto hiyo ilitosha. Ukubwani ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimempima kwa Kiswahili changu, ambacho yeye alikivaa kama sare ya shule na kukivua akifika kwao.

Majuzi kazini tulipelekwa semina huko Njiro. Mwezeshaji akatugawia maswali ya kujua kila mtu ni aina gani. Bado nayapenda mambo hayo, siwafichi, nikawa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Samahani," nikamuuliza, "nijibu nikiwa Ngarenaro, au nikiwa kwa kina Elinipa?"