"Ilianza saa ngapi?" Swali la karani wa zahanati

Saa mbili kasorobo asubuhi. Benchi la zahanati limejaa, na karibu kila aliyekaa ana leso mkononi. Karani wa mapokezi, mama wa makamo mwenye barakoa na sweta la kijani, anafungua daftari lake.

"Pole, kaka. Ilianza saa ngapi?"

Dereva wa lori anakuna kichwa. "Saa? Mh! Juzi koo liliwasha, jana makamasi, leo ndiyo hivi, chafya mtindo mmoja."

Anaandikwa, anarudi benchini. Nyuma yake fundi cherehani anatetemeka ndani ya koti. Huyu hafikirii mara mbili.

"Jana saa nane mchana. Nilikuwa napiga pasi gauni la bibi harusi. Ghafla mwili mzima ukaniuma, hata pasi ikanishinda kuinua."

Karani anamshika mkono na kumpeleka moja kwa moja kwa muuguzi.

Wagonjwa wamembandika jina: Saa Ngapi. Naye analipenda.

"Mafua ya kawaida yananyemelea, mtu hajui yameanza lini," anasema. "Influenza inakuangusha. Homa, kichwa, viungo, vyote kwa mpigo. Mtu anakumbuka hata alichokuwa ameshika. Lakini mimi si daktari, jamani! Swali langu si kipimo. Linanisaidia tu kujua nani asiachwe benchini."

Swali lenyewe alilipata kwa machungu. Miaka miwili iliyopita mumewe, mpishi wa shule, alirudi nyumbani mchana akitetemeka.

"Akaniambia, 'Saa tano nilikuwa namenya viazi, kisu kikanidondoka.' Nikacheka! Nikamwambia, wanaume nanyi, mafua tu mshaandika wosia. Nikampa chai ya tangawizi, na kesho yake nikamwamsha aende kazini."

Siku ya nne mume hakuweza kumaliza sentensi bila kuhema. Ugonjwa ulikuwa umeingia mapafuni. Alilazwa siku kumi na moja, saba kati ya hizo akipumua kwa oksijeni. Daktari aliwaambia waziwazi kwamba homa nyingine kama ile inaweza kumwondoa.

"Alinitajia saa, akanitajia na kisu," anasema. "Mimi ndiye sikusikia. Najilaumu mpaka leo."

Saa sita mume anafika na bakuli la chakula cha mkewe, kama kila siku. Mlangoni anapiga chafya. Mara mbili.

Kalamu inamponyoka karani. "Ilianza saa ngapi?"

"Nini tena?"

"Chafya, baba watoto! Saa ngapi?"

Mume anawaza, bakuli mkononi. "Sijui bwana. Jana? Juzi? Pua tu inawasha."

Karani anamgusa paji la uso. Halina joto. Anamgusa tena.

"Muuguzi atakuona hivyo hivyo," anasema, kisha anavua miwani na kufuta macho, benchi zima likimtazama.

Amebakiza miaka mitatu astaafu. Anatarajia nini baada ya hapo?

"Nizeeke na huyu," anajibu. "Kila mwaka apige chafya zake, nimuulize saa ngapi, na aniambie hajui."