Nafasi kwenye Benchi

Jirani yangu hapa Kisegi anapaka sakafu leo. Harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe imenirudisha kwenye ile shule ya parokia, binti yangu akiwa darasa la pili. Majina ya wote nayakumbuka, lakini yakae tu kifuani.

Sisi wamama tulikuwa tunaitwa shuleni kupaka sakafu, basi. Kisha akaja Sista mgeni kuwa mwalimu mkuu, akasema, "Leo acheni ndoo nje. Kila mama akae na mtoto wake, wasome pamoja."

"Sista, na hii mikono?" mmoja wetu akauliza, tukacheka.

"Mikono inaoshwa, mama."

Nikakaa. Mtoto akanisomea Injili akifuata maneno kwa kidole, mimi nikamweleza vile tunasali nyumbani. Tulizoea hivyo. Lakini wazee wa kamati walinung'unika mpaka Sista akahamishwa.

Mwalimu mkuu mpya alituita na ndoo zetu. Hata watoto hakuwatoa nje. Binti yangu aliponiona akasogea haraka kwenye benchi, akapigapiga nafasi iliyobaki.

"Mama, bed ka. Kaa hapa."

Mwalimu alikuwa ananitazama. Nikapiga magoti, naye mtoto akainua miguu ili nipake.