Viazi Tulivyomwibia Mama

Enzi zetu pale Nyakuron, tuliporudi kutoka Uganda, mama alikuja na nusu gunia la viazi mviringo vya mbegu, vimeshaanza kuchipua. Majirani walicheka: joto la Juba na viazi vya milimani, wapi na wapi. Mvua za kwanza zilipoanguka mama alipanda mistari mitano nyuma ya nyumba, akaifunika kwa nyasi kavu. Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na kaka yangu Lado tuliimwagilia kwa maji ya madumu. Harufu ya udongo ule ukilowa bado ninayo puani.

"Asiguse mtu mpaka majani yakauke," alituonya.

Mwaka huo Habuba, bibi yetu mzaa baba, aliugua. Alilala wiki nzima, hata uji akaukataa. Jioni moja Lado alimwuliza anatamani nini. Akasema kwa sauti ndogo, kiazi cha kuchoma.

Tulipenyeza vidole chini ya nyasi, tukapapasa, tukatoa vitatu, vidogo kama mayai ya kuku, ganda lake laini la kutoka kwa kidole. Tukavifukia kwenye majivu ya moto. Habuba alivila vyote, akaomba na chumvi. Kesho yake tukarudi, na keshokutwa pia, mpaka mashina manne yakanyauka.

Mama alisimama mlangoni, jani mkononi. "Nani amechimba viazi vyangu?"

Nilitazama chini. Habuba akajiinua kwa kiwiko. "Ni mimi."

"Wewe, mama? Hata chooni unashikwa mkono. Shambani ulifikaje?"

"Polepole."

Mama alimtazama, akaona majivu midomoni mwake. Hakutuchapa. Alichukua jembe, akang'oa mstari mzima kabla ya wakati, akapika supu, akaketi kitandani kumlisha. Aliendelea hivyo mpaka mistari yote ikaisha, na mbegu ya msimu uliofuata haikubaki. Habuba alisimama tena, akaishi nasi miaka mingine mitatu.

Siku hizi naishi Buluk, mtaa mwingine wa Juba. Chipsi za wanangu huletwa na boda boda zikiwa moto, nao hata simu hawajaiweka chini. Nilipopanda mistari miwili ya viazi uani, binti yangu alinionea huruma: "Mama, sokoni Konyo Konyo vipo, tena vimeoshwa kabisa."

Viazi vimekubali. Kila asubuhi nainua nyasi, nikitumaini kukuta shina moja limepapaswa. Vimetulia vyote, vinakomaa kwa wakati wake.