Mkono Wenye Gundu

Nikikaa mimi, kioo kinazimika. Akikaa dada, kinawaka.

Dada huyu ni binti wa baba yangu mkubwa, na ndiye mwenye chumba cha kuchapa barua na kutoa kopi hapa Miyuji. Alinichukua kutoka kwetu Chemba nilipomaliza darasa la saba. Mwaka huu alianza kunifundisha kuchapa. Nilikuwa natafuta herufi moja moja, lakini nilikuwa nazipata. Kisha laptop ikaanza kugeuka nyeusi mbele yangu. Feni inavuma, taa ndogo inawaka, kioo hakina kitu.

"Umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu, dada."

Ananisogeza, anagusa kitufe, picha inarudi. Ananitazama tu. Mimi nikishikwa na aibu hunyamaza, na kunyamaza kwangu kunafanana na kosa.

Nami nilimshuku yeye. Labda alishajuta kunichukua, akawa anaizima mwenyewe apate sababu ya kunirudisha. Nilimshuku pia binti aliyefanya kazi pale kabla yangu, aliyeondoka kwa hasira. Wiki ile kioo kilipoanza kuzimika alikuja kusalimia, akaegemea meza kwa muda mrefu. Salamu gani hizo?

Siku moja dada akamwambia mteja, "Huyu ana gundu. Mashine haziutaki mkono wake." Mteja akacheka. Jioni dada akaniambia kwamba fundi asipoona ubovu, nitarudi nyumbani nikalime alizeti.

Fundi alipokuja alitaka kuondoka na laptop.

"Fungua hapa hapa," dada akasema. "Nyie mnaondoka na laptop nzima, mnarudisha ganda."

"Dada, hata salamu hakuna?"

"Salamu baadaye."

Akafungua, akakagua waya wa kioo, akafunika bila kukaza. "Nzima hii. Inazimika wakati gani?"

"Akikaa huyu."

"Dogo, hebu kaa."

Nikakaa, nikaweka mikono. Nyeusi.

"Umeona?" dada akapiga makofi.

Nikaivuta mikono haraka. Skrubu zilikuwa zimeachwa mezani, na mbili zikaondoka nami, zimening'inia kwenye bangili ya mkono wa kushoto. Ilikuwa bangili ya sumaku. Mama aliinunua mnadani, akanitumia siku chache kabla kioo hakijaanza kuzimika, kwa sababu mkono ule hufa ganzi asubuhi.

Fundi alicheka hadi akaweka bisibisi chini. "Humu pembeni kuna kidude kinachonusa sumaku ya mfuniko. Ukiifunga laptop, kinanusa, kioo kinazimika. Bangili yako inaidanganya kwamba imefungwa."

"Si nilisema ni mkono wake?" Dada hakucheka. "Vua." Kisha akamgeukia fundi. "Na wewe, hujachomoa kitu humo?"

"Nikague mifuko, dada."

Na kweli akamkagua.

Kesho yake alikuja mzee mmoja aliyetaka barua ya kuomba kuunganishiwa maji. Nikampa shikamoo, nikakaa. Dada akasimama nyuma yangu. Nilichapa kwa mkono wa kulia peke yake.

"Huo mwingine umemwachia nani?"

Nikauweka polepole pembeni ya herufi. Kioo hakikuzimika.

"Kijana, utamaliza leo kweli?" mzee akauliza.

"Msubiri, baba," dada akasema. "Hapa anayechapa ni yeye."

Alisema hivyo, lakini hakuondoka nyuma yangu mpaka karatasi ilipotoka kwenye printa. Akaisoma yote, akaigeuza kutazama hata upande usio na maandishi, ndipo akampa mzee.