Kiosha Miguu cha Bi Somoe

Naikumbuka siku niliyooshwa miguu, mwanangu, kuliko hata siku niliyopata pikipiki yangu ya kwanza. Jana nilipokuona unapita hapa barazani na abiria nyuma, ndala zikikuning'inia vidoleni, yote yakanirudia. Nilikuita, ukanipungia mkono ukapita. Leo umesimama, alhamdulillahi. Basi izime hiyo pikipiki, ukae kidogo, wewe na abiria wako.

Nilikuwa kijana wa Kiswere, mchuuzi wa samaki. Asubuhi tulishuka ufukweni, tukaingia majini mpaka magotini kupokea samaki, tukayafunga matenga nyuma ya pikipiki na kukimbilia vijiji vya bara kabla jua halijakuwa kali. Wote tulivaa ndala. Nani afunge kamba za viatu, na kila mara yumo majini? Tena kila nyumba unayoingia unavua, msikitini unavua, na kabla ya hapo unatia udhu. Ndala ilitufaa kwa yote hayo, tukadhani itatufaa na barabarani. Kosa letu lilikuwa hilo. Tulichagua kiatu cha kushukia, tukasahau kwamba tunapanda.

Nikaenda kuposa Pande, kwa binti aitwaye Zainabu, nikakubaliwa. Siku hizi harusi zenu ni spika na keki, labda hujaiona ada ya kiosha miguu. Bwana harusi akishafungishwa ndoa, akifika kwa kina mkewe haingii ndani hivi hivi. Hukalishwa kitini, na mwanamke mkubwa wa upande wa bibi harusi humwosha miguu kwa maji yaliyotiwa marashi. Bwana harusi naye hutia chochote kwenye kisahani, ndicho kiosha miguu. Aliyeniosha mimi alikuwa Bi Somoe, bibi yake Zainabu mzaa mama. Kwa utani wa bibi na wajukuu aliniita mume wangu tangu siku ya posa, na hakuwahi kunionea huruma.

Alipoipandisha kanzu yangu na kuutia mguu wa kulia kwenye beseni, akauinua tena. Akaugeuza huku na huku. Kwenye shavu la mguu palikuwa na kovu la kuungua na ekzosi, lile bomba la moshi la pikipiki. Kidole gumba hakikuwa na ukucha, maana niliuacha kwenye jiwe la njiani. Kisigino kilikuwa na kidonda kibichi. Wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele wakaacha, wakachungulia.

"Jamani," akasema Bi Somoe kwa sauti ya kufika jikoni, "tumeletewa bwana harusi au majeruhi?"

"Hizo ni alama za kazi, bibi," nikajitetea.

"Kazi gani inayokula miguu? Wavuvi hapa wana sugu za mikono, na mikono yao wanayo. Wewe mume wangu unajimaliza kutoka chini."

Nikatia hela kwenye kisahani ili mambo yaishe. Akakisukuma kikanirudia.

"Chukua hela zako. Kiosha miguu changu ni viatu, na uvivae wewe. Viatu vya ngozi, vifunike kifundo. Leo nimeosha miguu miwili. Siku nikikuosha tena, nataka niikute miwili."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini kwa aibu ningeweza kujificha ndani ya beseni lile.

Baada ya harusi nikahamia Pande. Zainabu hakunipa raha. Ada ya harusi haiachwi hewani, alisema, na bibi yake kila siku anauliza. Basi nikaenda Lindi mjini, nikachambua rundo la mitumba, nikapata mabuti meusi ya ngozi ngumu, soli nene. Wenzangu waliponiona wakapiga kelele: "Bwana Shamba huyo!" Rafiki yangu Hamisi, tuliyekuwa tukifuatana safari zote, aliniuliza kila asubuhi kama nimekuja kupima mikorosho. Kijana kuchekwa na wenzake ni adhabu kubwa, wewe mwenyewe unajua.

Nikapata hila. Nyumba ya Bi Somoe ilikuwa kando ya njia, na yeye alikuwa barazani tangu alfajiri akisuka ukili. Nikawa nikishapakia samaki ufukweni navaa mabuti, napita mbele yake taratibu, namwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba huku akinitazama miguu. Nikishauacha mkorosho wa mwisho wa kijiji nasimama, nayavua, nayatia kwenye mfuko, navaa ndala zangu. Jioni navaa tena palepale. Nilijiona mjanja kuliko bibi yule mwenye mvi zake. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nililijua neno hilo tangu utotoni, nikalichukulia kama maneno ya kutishia watoto.

Siku moja ya mvua za vuli nikasimama pale kwenye mkorosho kama kawaida. Kamba zilikuwa zimelowa, fundo limekaza. Nikavuta kwa vidole, nikavuta kwa meno, wapi. Hamisi alikuwa ananipigia honi, samaki tumeshawapakia na barafu inayeyuka. Nikalilaani fundo lile, nikaondoka na mabuti yangu miguuni.

Hatukufika mbali. Kwenye mteremko wenye mchanga uliosombwa na mvua, gurudumu la mbele likazama, pikipiki ikalalia upande wa kulia na mguu wangu chini yake. Ikaniburuta na tenga lake mpaka kwenye ukingo wa njia. Injini ilipozima nikasikia samaki wakidondoka kwenye tope, mmoja mmoja. Nikatazama mguu wangu. Buti lilikuwa limejaa damu.

Mwanangu, nitakwambia nilichofikiri. Sikufikiria pikipiki wala samaki. Nilimfikiria Zainabu, aliyekuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, nikajiuliza nani atamlisha. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nilikuwa nimewachumia wangu kabla mmoja hajazaliwa. Nikaanza kulia kama mtoto.

Hamisi akainyanyua pikipiki, akachutama.

"Usiangalie, Selemani," akaniambia. "Angalia kule juu, taja jina la Mungu."

Akachukua kisu cha samaki, akakata zile kamba zilizonishinda, akavuta buti polepole akiwa amefumba macho yeye mwenyewe. Kisha nikahisi anavipapasa vidole vyangu.

"Selemani."

"Niambie tu."

"Vidole vyote vipo. Hata mchubuko huna! Hii damu ni ya nguru!"

Ilikuwa damu ya samaki kweli. Tenga lilikuwa limepasuka, maji mekundu ya barafu yakamwagikia buti lote. Ngozi ya buti ilikuwa imechanika upande mzima, na pale ekzosi ilipolalia pamebabuka na kunuka moshi. Mguu uliokuwa ndani yake ulikuwa mzima. Kifundo kilivimba tu, nikakaa nyumbani mpaka kikapona. Tulikaa kwenye tope lile tukacheka mpaka machozi yakatutoka, mimi nimemkumbatia Hamisi, yeye amekumbatia buti. Sijawahi kupata furaha ya namna ile tena, hata siku mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, Mungu anisamehe. Samaki wengine tuliwaokota, wengine tukawaachia kunguru.

Hamisi akanipakia, akanirudisha Pande. Bi Somoe alituona kwa mbali, akaacha ukili wake chini. Akaita beseni na maji, akanikalisha, akaniosha tope na damu, mguu wa kushoto kisha wa kulia, akivishika vidole kimoja kimoja. Alipomaliza akaliokota lile buti lililochanika, akaligeuza juani.

"Mume wangu," akasema, "mwezi mzima unapita hapa jioni, pikipiki imejaa tope mpaka kwenye taa, na mabuti yanang'aa. Ulidhani nimezeeka macho? Leo ndiyo mara ya kwanza naviona viatu hivi vimesafiri."

Akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Haya. Kiosha miguu changu nimekipokea."

Juma lililofuata Hamisi naye alikuwa Bwana Shamba, na baada yake wengine. Nami mpaka leo, nikipanda hata nyuma ya pikipiki ya mjukuu, navaa viatu.

Kwa hiyo mwanangu, sikia. Utaniambia ajali haina kinga. Kweli, huwezi kuizuia isije, lakini ikija ikukute umevaa. Tafuta kiatu cha ngozi au kitu kigumu, kipite kifundo cha mguu, soli isiyoteleza. Kamba zake zichomeke ndani zisinaswe na cheni. Usiseme naenda hapo karibu tu, maana mimi nilianguka hata jasho halijanitoka. Wakikucheka, waache wacheke, meno si kitu cha kukuumiza. Ndala zako ziweke kwenye mfuko, uzivae ukifika ufukweni au msikitini. Mimi nilifanya kinyume chake, na aliyeniokoa ni fundo la kamba.

Nenda sasa, abiria wako amechoka kunisikiliza. Mola akulinde kwenye mchanga na kwenye lami, akujaalie mke mwema na bibi mkali. Na siku yako ya kukalishwa kitini ikifika, atakayeinama kukuosha aikute miguu yako yote miwili, mizima, asiwe na la kusema ila kupiga vigelegele. Amina.